Mlango wa Fizikia

Kijana mkimbizi mwenye uoni hafifu akisema anataka kuwa mhandisi, watu humuuliza kwanza atapata wapi karo. Swali hilo mara nyingi huja kwa kuchelewa. Ndoto yake ilishakatwa zamani, siku ile mwalimu wa darasa alipopitisha karatasi ili kila mwanafunzi aandike masomo atakayobaki nayo hadi mtihani wa kidato cha nne. Jina lake lilipofikiwa, mwalimu alimtazama, akamwambia kwa upole: "Wewe andika Historia na Dini. Fizikia itakutesa." Hakukatazwa, wala hakuandikiwa barua yoyote ya kunyimwa. Lakini Kenya huingii chuo kikuu kusomea uhandisi bila Hisabati, Fizikia na Kemia, na Tanzania njia iliyozoeleka kutoka kidato cha sita ni tahasusi ya PCM, yaani masomo hayohayo matatu. Aliyeiacha Fizikia akiwa na miaka 16 ameuacha na uhandisi, hata akija kupata mfadhili wa kumlipia kila shilingi.

Sura hii inamhusu kijana huyo, na nimeiweka Kakuma kwa sababu huko ndiko ukimbizi, macho na masomo ya sayansi vinakobanana mahali pamoja. Kambi hiyo ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 katika Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, ili kuwapokea vijana waliotembea kwa miguu kutoka vita vya Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo na Warundi, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakaongezwa jirani. Mkongo aliyefika akiwa na cheti cha serikali cha kwao, tawi la hisabati na fizikia, anakuta kwamba cheti hicho cha Kifaransa lazima kilinganishwe na cha Kenya kabla chuo hakijamsikiliza. Mwenzake ambaye nyumba yao ilichomwa hana hata hicho cha kulinganisha.

Na macho? Trakoma ni ugonjwa wa miaka mingi Turkana na Sudan Kusini. Upofu wa mtoni, unaoletwa na inzi weusi wa kando ya mito yenye maji ya kasi, umewaharibia watu macho Sudan Kusini na Kongo. Surua na upungufu wa vitamini A huwapata watoto wakiwa njiani, wakati hakuna chanjo wala chakula cha kutosha. Ongeza mtoto wa jicho ambaye hakutolewa kwa sababu daktari wa upasuaji alikuwa mbali, kisha ongeza ualbino, ambao mtu huzaliwa nao popote pale.

Tunaposikia mtu haoni vizuri, fikra hukimbilia gizani. Wengi wa vijana hawa wanaona. Shirika la Afya Duniani limekuwa likihesabu uoni hafifu kuanzia pale jicho lililo bora, hata likiwa na miwani, linaposhindwa kufikia 6/18: kile ambacho jicho zima hukisoma kutoka mita 18, wewe unalazimika kukisogelea hadi mita sita, au karibu zaidi. Ukishuka chini ya 3/60 unahesabiwa kipofu. Katikati ya namba hizo mbili kuna maelfu ya wanafunzi wanaovuka barabara wenyewe, wanaocheza mpira, wanaowatambua marafiki kwa mwendo wao, na wasioweza kusoma ubao. Kwa vile hawabebi fimbo nyeupe, walimu huwaona wazembe.

Mchukue mwanafunzi mwenye ualbino. Rangi inayokosekana kwenye ngozi yake inakosekana pia ndani ya jicho, na bila rangi hiyo kile kituo kidogo cha nyuma ya jicho kinachosoma maandishi madogo hakikui kikamilifu tangu tumboni mwa mama. Miwani humsaidia kiasi tu. Macho yake huchezacheza yenyewe, kushoto na kulia, na mwanga mkali humuumiza. Sasa mkalishe kwenye darasa la mabati lenye wanafunzi zaidi ya 100, jambo lisilo geni Kakuma. Ameambiwa akae mbele, na mbele kuko karibu na mlango, na mlangoni linaingia jua la Turkana likiwa limeshagonga mchanga. Ubao wote unang'aa. Aliyekwisha kuzoea huhamia pembeni, akalipa dirisha mgongo, akaliinua daftari hadi karibu na pua, na mengine akayaachia masikio. Mwalimu anayesema huku akiandika, "Kani ni sawa na masi mara mchapuko," amemfundisha. Mwalimu anayesema, "Hii ukizidisha kwa hii unapata hii," amewafundisha wengine.

Kutoa sauti kwa kile unachoandika hakuhitaji bajeti. Jambo hilo naliweka mbele ya mambo mengine yote ya sura hii kwa sababu ndio msaada wa kwanza ambao mhandisi mtarajiwa anaukosa, na mwalimu yeyote anaweza kuanza kuutoa kesho asubuhi.

Maabara ni kazi nyingine. Mtihani wa Kemia kwa vitendo humtaka mtahiniwa asome bureti kwa desimali. Fizikia humtaka asome kaliperi ya vernia, ambayo mistari yake imesongamana ndani ya milimita. Siku za kawaida kijana huyu anaweza kuelekeza kamera ya simu kwenye bureti, akaikuza picha, akapata jibu sahihi kama mwenzake yeyote. Siku ya mtihani simu ni marufuku. Baraza la mitihani la Kenya hutoa karatasi za breli, karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada, lakini shule ndiyo inayopaswa kuomba mapema, na ili shule iombe lazima mtu awe ameyapima macho ya mtoto na kuandika alichokiona. Kambini mara nyingi hatua hiyo ndiyo inayorukwa. Halafu kuna jambo lililo kwenye orodha yenyewe ya masomo: KCSE, yaani mtihani huo wa kidato cha nne wa Kenya, ina Baiolojia iliyoandaliwa mahususi kwa wasioona, lakini Fizikia ya namna hiyo haimo. Mwalimu anayemwambia kijana achukue Historia hajatoa ushauri huo hewani. Mfumo ulimnong'oneza kabla yake.

Wazazi na wafadhili wakifika hapa huniuliza kama inawezekana kweli mtu asiyeona akawa mhandisi. Swali hilo lilikwisha kujibiwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Ralph Teetor alizaliwa mwaka 1890 katika mji mdogo wa Hagerstown, jimbo la Indiana, Marekani. Akiwa na miaka mitano alijichoma kisu jichoni, na muda si mrefu jicho la pili nalo likafa. Alikulia kwenye karakana ya familia, na kabla hajawa mtu mzima alishashirikiana na binamu yake kuunda gari lililotembea. Alipotaka kusoma uhandisi wa mitambo, vyuo vilimkataa. Mlango ulifunguka Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa sababu binamu yake mwingine, Neva Deardorff, alikuwa akisoma hukohuko na akamsemea kwa wakubwa. Vitabu alisomewa. Mwaka 1912 akahitimu.

Kazi iliyomtambulisha ilikuja wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwenye karakana ya meli huko Camden, New Jersey. Manowari zilihitaji mitambo ya mvuke yenye rota nzito zinazozunguka kwa kasi kubwa. Rota ikiwa na uzito uliozidi upande mmoja, hata kidogo, hutikisika, na mtikisiko huo hula beringi zake hadi mtambo unaharibika. Wenye macho walihangaika nazo. Teetor aliweka vidole vyake, akaufuatilia mtikisiko, na akapata namna ya kuzisawazisha. Sidai kwamba upofu ulimpa vidole vya ajabu. Alikuwa amefunzwa mekanika, alijua hesabu ya kinachotokea mle ndani, na vidole vilimletea taarifa za kuingiza kwenye hesabu hiyo. Mwaka 1936 alikuwa rais wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Mwaka 1950 alipata hataza ya kifaa kinachodhibiti mwendo wa gari ili dereva aweze kupumzisha mguu, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikaanza kukiuza kwenye magari yake. Madereva wa malori wanaovuka nyika za Marekani leo hutumia wazo la mtu ambaye hakuwahi kuiona barabara tangu utotoni.

Tukimsimulia Teetor tuwe wakweli kuhusu alichokuwa nacho. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha vigari vya reli, kwa hiyo vyuma na mashine vilikuwa vitu vyake vya kuchezea. Alikuwa raia katika nchi yake. Alikuwa na ndugu ndani ya chuo. Kijana wa Kakuma hana hata kimoja, na pengo hilo ndilo hasa tunalopaswa kulijaza tunapotamka neno msaada: mahali pa kushikia vitu kwa mikono, karatasi za kumtambulisha, na mtu mmoja wa kumsemea ndani ya jengo ambalo yeye hajaingia.

Upande mmoja kijana wa leo amemzidi Teetor mbali. Mwaka 2006 vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, walianza kutengeneza programu ya kusoma skrini kwa sauti wakaiita NVDA, na wakaamua itolewe bure. Kabla ya hapo programu za aina hiyo ziliuzwa kwa bei ambayo familia ya kambini isingeweza kuifikiria. Leo kompyuta iliyokwishatumika, pamoja na NVDA, inamsomea mtu kitabu, msimbo wa programu na barua pepe. Hesabu zilizoandikwa kwa LaTeX ni maandishi matupu kwenye kibodi, kwa hiyo mlinganyo unaweza kusomwa neno kwa neno na kuandikwa na mtu asiyeuona.

Hata saketi za umeme, ambazo wengi hudhani haziwezekani bila mchoro, zinaandikika. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa programu ya SPICE ya kuchunguza saketi kabla hazijaungwa. SPICE husoma orodha. Chini ya mstari wa kichwa, wa kwanza unaweza kuwa "V1 1 0 12": chanzo cha umeme kati ya nukta 1 na nukta 0, voti 12. Wa pili "R1 1 2 1000": kikinza cha omu 1000 kati ya nukta 1 na 2. Wa tatu "R2 2 0 2000". Mistari hiyo mitatu ndiyo saketi nzima, na mwanafunzi akiisikiliza anaweza kukokotoa kichwani kwamba nukta 2 ina voti 8. Wahandisi wenye macho mazima wamekuwa wakiandika saketi namna hiyo kwa miaka 50. Ukihitaji umbo lenyewe, kuna karatasi maalumu ambayo mistari myeusi huvimba ikipitishwa kwenye joto, vidole vikaifuata. Kuna multimita zinazotamka vipimo. Matawi kama umeme, mawasiliano na kompyuta yako karibu zaidi na mtu wa namna hii kuliko kazi za upimaji ardhi, na si vibaya mshauri akalisema hilo waziwazi, mradi asilitumie kufunga mlango wote.

Sasa tufike kwenye fedha. Mkopo wa elimu ya juu wa HELB wa Kenya ni wa Wakenya, na wa HESLB ni wa Watanzania. Mkimbizi aliyepata alama zilezile na jirani yake Mkenya hupangiwa kulipa mwenyewe. Njia kubwa iliyo wazi kwake ndani ya Kenya ni ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, ukapewa jina la Albert Einstein, aliyekuwa mkimbizi, na kusimamiwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Hulipa karo na kumsaidia mwanafunzi katika gharama za kuishi. Waombaji ni wengi, nafasi ni chache. UNHCR imeweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 3, na miaka michache baadaye wakafika 7. Kozi za mtandaoni zilizofika Kakuma tangu Wajesuiti walipoanza zao mwaka 2010 zimewafaa wengi, ila zimeegemea masomo yasiyohitaji maabara. Uhandisi unadai karakana, na karakana iko nje ya kambi, ng'ambo ya kibali cha kutoka.

Njia nyingine inaelekea Kanada. Tangu mwaka 1978 shirika la WUSC limekuwa likiwachukua wanafunzi wakimbizi, wakiwamo wengi wa Kakuma na wa Dadaab, kambi nyingine ya Kenya, na kuwaingiza vyuo vikuu vya huko. Katika vyuo vingi wanafunzi wenyewe huchanga kiasi kidogo kwenye ada zao ili kumlipia mwenzao asiyewajua. Anayechaguliwa hufika akiwa na ukaazi wa kudumu. Vijana wenye ulemavu hujizuia kuomba kwa hofu kwamba uchunguzi wa afya wa uhamiaji utawaangusha, kwa kuwa sheria ya Kanada huweza kumkataa mhamiaji atakayeigharimu huduma ya afya kupita kiasi. Kifungu hicho hakiwagusi wakimbizi wanaopewa makazi mapya. Ningependa jambo hilo libandikwe kwenye kila ubao wa matangazo wa kambi.

Na tazama kinachotokea akishuka kwenye ndege. Mwanafunzi mwenye ulemavu aliye mkaazi wa kudumu anaweza kuomba ruzuku ya serikali ya Kanada ya hadi dola 20,000 kwa mwaka kwa ajili ya vifaa na huduma: kikuza maandishi, msomaji, mwandishi wa kumnukulia. Macho ni yaleyale, akili ni ileile. Kilichobadilika ni karatasi mfukoni.

Kenya ingeweza kufanya zaidi bila kuandika sheria mpya. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unazitaka nchi ziwatendee wakimbizi kwa wema kadiri inavyowezekana katika elimu iliyo zaidi ya ile ya msingi, na unataja waziwazi kutambua vyeti vya kigeni, kusamehe ada na kutoa ufadhili. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Ibara hiyo inasema mtu. Haikusema raia. Chuo kinachomwambia mkimbizi kwamba huduma za ulemavu ni za Wakenya kinapaswa kuonyeshwa ukurasa huo.

Linabaki suala la barua. Kijana anayeomba udhamini amefundishwa na mazingira kwamba anayelia zaidi ndiye anayesikika, kwa hiyo barua yake hujaa vita, uyatima na giza, na mwisho anaomba "msaada wowote". Msomaji humhurumia, kisha hajui afanye nini. Kwa maoni yangu barua hiyo igeuzwe, na ningeianza hivi:

"Nina uoni hafifu kutokana na ualbino, jicho langu bora ni 6/60. Ninasoma maandishi ya pointi 24, na kompyuta ninaitumia kwa NVDA. Ubaoni sioni, lakini mwalimu akitamka anachoandika ninafuata bila shida. Nimefanya Fizikia kwa vitendo nikisaidiwa na mwenzangu aliyeshika vyombo kwa maelekezo yangu. Ninaomba nafasi ya uhandisi wa umeme, slaidi nizipate kabla ya kipindi, na msaidizi wa maabara. Cheti cha macho kimeambatishwa."

Mkuu wa idara akisoma hayo ana mambo matatu ya kujibu, na kila moja lina ndiyo au hapana. Akijibu hapana, aulizwe ni hatua ipi ya kazi ambayo mwombaji hawezi kuifanya, na imejaribiwa namna gani. Habari za vita zinaweza kukaa aya ya mwisho, kwa mistari miwili. Mwombaji asizifiche, wala asiziache zimzungumzie yeye.

Kwa mwalimu wa Kakuma saa inakwenda haraka kuliko zamani. Katika mtaala mpya wa Kenya mwanafunzi huchagua njia yake ya sekondari ya juu akiwa gredi ya tisa, na kundi la kwanza lilianza gredi ya kumi Januari 2026. Njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati inachaguliwa na mtoto wa miaka 14 au 15, ambaye pengine hajawahi kupimwa macho hata mara moja. Kipimo chenyewe ni bango la herufi ukutani, kamba ya mita sita, na mtu wa kuandika namba. Kifanyike gredi ya saba, kila shule ya kambi, na namba hiyo iingie kwenye faili la mwanafunzi pamoja na alama zake za Hisabati, ili siku ya kuchagua njia mwalimu azisome zote mbili kabla hajamshauri chochote.